Asubuhi Niliyomsimamisha Mama Elia

Binti aliyechukua nafasi yangu pale ofisi ya kata alinifuata nyumbani wiki iliyopita. Alinipa shikamoo yake, akanywa chai, akasifu migomba ya mke wangu, kisha akasema kwamba yeye na wenzake wa kata za jirani walioajiriwa baada yangu wanaomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu bendera. Nilicheka. Nilikuwa tarishi miaka ishirini na minane. Nimepeleka barua, nimefagia uwanja, nimetafuta mihuri iliyopotelea kwenye droo za wakubwa, lakini kazi iliyonipa jina ni hiyo ya kupandisha na kushusha bendera. Huku kwetu, njia ya kwenda Chamazi, ukiulizia jina langu la kuzaliwa utazunguka mpaka uchoke. Ulizia Mzee Bendera, utaletwa mpaka mlangoni.

Basi wanangu, nawaandikia. Yamo ya kuchekesha, na nitaanza nayo kwa sababu nayapenda. Ila lipo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, na hilo halichekeshi.

Tuanze na kamba. Kamba ya nailoni ikizeeka kwa jua hukatika bila kutoa taarifa. Kila Jumatatu ipitishe kiganjani taratibu, na ukihisi imeota vinyweleo, iondoe. Mimi mwaka mmoja nilijifanya nina haraka, sikuikagua, ikakatika siku ya ugeni mkubwa, bendera ikabaki imenasa kule juu. Enzi hizo mlingoti wetu ulikuwa wa mti. Nikavua viatu nikaupanda kama ninavyopanda mnazi, nikafika juu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mnazi una vidato na mlingoti hauna. Mgeni rasmi alipowasili alinikuta nimekumbatia mti kule juu, siwezi kupanda wala kushuka. Akadhani ni sehemu ya sherehe, akapiga makofi, na msafara wote nao ukapiga makofi. Nilitolewa vibanzi vya mbao mapajani kwa siku tatu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajini Komba, mwanajeshi mstaafu kutoka Songea aliyekuwa tarishi kabla yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Masasi, kila siku alinitania kwamba watu wa kwetu tulijifunza kuvaa viatu juzi. Siku yangu ya kwanza niliipandisha bendera kichwa chini, bluu juu na kijani chini. Sajini hakunifokea. Alisimama wima mpaka nikamaliza kufunga kamba, kisha akaniuliza kwa upole hiyo ni bendera ya nchi gani. Tangu siku hiyo nikawa naisema kimoyomoyo kila asubuhi kabla sijavuta: kijani juu, upande wa mlingoti.

Siku nyingine niliona bendera imeshika vumbi nikaipeleka nyumbani. Mke wangu, Mama Rukia, akaifua kwa sabuni ya unga na kuianika kwenye kamba ya nguo, katikati ya kanga zake mbili. Sajini akapita. Akasimama pale uani, akaiangalia, akaniuliza nani kafa kwangu mpaka nimeitundika chini namna ile. Nilimwambia inakauka tu. Akakaa nayo mpaka ikakauka, hakukubali hata kiti.

Huyo ndiye aliyenitia kichwani suala la kusimama. Nyie mnalijua: filimbi ikilia saa kumi na mbili asubuhi bendera ikipanda, na saa kumi na mbili jioni ikishuka, kila aliye karibu anasimama pale pale alipo mpaka kazi iishe. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye mzigo kichwani anavumilia. Nimewaona watoto wakiganda mguu mmoja hewani. Nimemwona mchuuzi wa kuku akiwa wima kama askari huku kuku wake wakikimbilia kila upande, naye anawafuata kwa macho tu, machozi yanamlengalenga. Zamani watu walisimama bila kuambiwa. Siku hizi mtu amejaza vitu masikioni, utapuliza filimbi mpaka mapafu yatoke, anapita akitikisa kichwa kwa singeli. Mimi hilo lilinikera kuliko mshahara mdogo. Aliyepita bendera ikiwa njiani nilimwita, nikamsimamisha chini ya mlingoti, na kama ana kiburi alikaa hapo mpaka Mtendaji wa Kata afike ofisini saa moja na nusu ampe somo. Hakuna aliyenituma. Sajini alifanya hivyo, na mimi nikafanya hivyo, na nilijiona mzalendo kuliko kata nzima.

Sasa niseme lile jambo.

Mwaka mmoja, sitautaja maana wenye msiba bado wako hai, ardhi iliporomoka huko kanda ya ziwa ikafukia mashimo ya wachimbaji wadogo. Vijana waliokuwa chini walitoka karibu kila mkoa, na wengi wao huko machimboni walijulikana kwa majina ya utani tu. Redioni ziliwekwa nyimbo za maombolezo, ikatangazwa kwamba bendera zipepee nusu mlingoti nchi nzima.

Sijawahi kuipenda nchi hii kama siku zile, na nasema hivyo bila aibu. Watu wa kwetu ambao wiki moja kabla walikuwa wanagombania mfereji wa maji machafu walikaa benchi moja kusikiliza taarifa. Padri na sheikh walikuja ofisini pamoja, wakasoma dua uwanjani pale, mmoja baada ya mwingine. Bodaboda walifunga vitambaa vyeusi kwenye vioo vya pikipiki zao. Foleni ya kujitolea damu ilitoka zahanati ikafika barabarani, na kinamama wa Buguruni walileta matenga ya ndizi ili waliotolewa damu wasizirai. Na kwenye bendera, wanangu, hata wale wa masikioni walisimama. Kila asubuhi nilikuta watu kama arobaini wameshafika kabla ya filimbi, wanafunzi wamejipanga na walimu wao. Nilivimba kichwa. Nilinyoosha shati langu kwa pasi ya mkaa kila siku kama bwana harusi.

Kupandisha nusu mlingoti kuna utaratibu wake, ushikeni vizuri. Bendera haisimamishwi katikati moja kwa moja. Unaipandisha kwanza mpaka juu kabisa, unasubiri kidogo, halafu unaishusha mpaka nusu. Jioni hivyo hivyo, unairudisha juu kwanza ndipo unaishusha. Kwa hiyo inachukua muda mrefu kuliko siku za kawaida, na watu husimama muda mrefu pia.

Ilikuwa asubuhi ya tatu ya maombolezo. Nilikuwa nimeshapuliza filimbi, bendera imefika juu, watu wote kimya. Akatokea mwanamke wa makamo upande wa sokoni, kanga mabegani, bahasha ya kaki ameibana kifuani kwa mikono miwili, anatembea mbio mbio. Hakusimama. Akakata katikati ya uwanja, mbele ya wanafunzi, kana kwamba sisi sote pale ni magogo. Mikono yangu ilikuwa kwenye kamba, nikampa ishara Shomari, mgambo wetu. Shomari akamshika mkono, kwa heshima, akamsimamisha.

Nilipomaliza kufunga kamba nikamwendea. Hasira ilikuwa imenipanda. Akaniambia, "Baba niachie, nawahi gari." Sasa nyie kaeni hapo ofisini mwaka mmoja tu, mtajua kwamba kila asiyesimama anawahi gari. Nikamwambia kila mtu anawahi gari. Akasema tena lile lile, kwa sauti ya chini, hakuongeza neno. Angeongeza neno moja tu. Na mimi, kwa kuwa watoto wa shule walikuwa wananitazama, nikapaza sauti ili wasikie wote. Nikasema, "Kuna wenzako wamefiwa na watoto wao, wewe huna hata dakika ya kusimama kwa ajili yao?"

Aliikaza bahasha kifuani. Alinitazama tu, na midomo yake ilicheza kidogo.

Nikamwelekeza chini ya mlingoti, nikamwambia atakaa hapo mpaka Mtendaji afike. Wanafunzi wakaondoka. Jua likaanza kupanda. Shomari alinifuata nilipokuwa nafungua madirisha, akaniambia, "Mzee, huyu mama muache bwana, hayuko sawa." Nikamjibu kwamba asinifundishe kazi. Nikaendelea na madirisha. Mara mbili nilichungulia nje, nikamwona amesimama vile vile na bahasha yake, nikajisemea moyoni kwamba somo limemwingia.

Mtendaji alifika saa moja na nusu, mama mstaarabu, akamuuliza jina na akamwambia aende zake. Mwanamke yule hakutembea tena. Alikimbia. Kumwona mtu wa umri ule anakimbia vile kulinipa shaka kidogo, lakini shaka yenyewe ilikwisha chai ilipokuja.

Siku tano baadaye ikaja taarifa kwamba kata yetu nayo ina mfiwa. Mtendaji akaniagiza nipeleke turubai na viti vya ofisi, na nitoe pole kwa niaba ya kata. Nilifurahi kutumwa, Mungu anisamehe, nilijiona napeleka salamu za taifa zima. Tukaenda na Shomari na mkokoteni. Msiba ulikuwa nyumba ya bati yenye mpapai mlangoni, kwa familia ya watu wa Singida. Wanaume wakatupokea turubai, wakaniambia mfiwa yuko ndani na kinamama. Nikavua viatu, nikaingia nikiwa nimeshapanga maneno yangu.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kanga ile ile. Shomari alimwona kabla yangu, nikamsikia nyuma yangu akivuta pumzi. Yule mama akaniangalia kwa muda mrefu, bila chuki, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu. Kisha akasema, "Mwanangu ni mmoja wa hao uliokuwa unanisimamishia."

Maneno yangu yote ya kata yaliishia hapo. Nilikaa chini pale mlangoni.

Habari kamili nilisimuliwa na dada yake, uani, siku hiyo hiyo. Jina la mwanamke yule ni Mama Elia, anauza vitumbua sokoni. Elia alikuwa mwanawe wa pekee, alikwenda machimboni miaka miwili kabla ya hapo. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu siku ya maporomoko, lakini jina lake halikusomwa redioni, na mama mtu hakumwambia jirani hata mmoja. Aliona akilitamka litakuwa kweli. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya Elia ya siku ya ubarikio kanisani. Lilipangwa basi la kuwapeleka ndugu kwenda kutambua miili, linaondoka stendi ya Mbezi Luis saa tatu asubuhi, na kutoka kwetu mpaka Mbezi kwa foleni ya asubuhi mnaijua wenyewe. Alifika pale stendi basi limeshaondoka, watu wanafagia. Akasafiri na la kesho yake.

Waliosafiri na basi la kwanza walifika, asubuhi wakaitwa mmoja mmoja, wakawaona watu wao, wakawafunika. Mchana ule miili iliyokosa wa kuitambua ikazikwa, maana hali ya hewa haikuruhusu kusubiri zaidi. Mama Elia alifika usiku. Asubuhi yake alioneshwa nguo zilizohifadhiwa, akalitambua shati, alilishona kifungo yeye mwenyewe kwa uzi wa rangi nyingine. Akaomba aoneshwe alipolazwa mwenye shati. Wakampeleka penye mistari ya matuta, mapya yote, yamefanana. Nguo zilikusanywa pamoja kabla ya maziko, kwa hiyo nani yuko tuta lipi, hakuna aliyejua. Akazunguka matuta yote mpaka giza lilipoingia, akarudi Dar.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama Rukia. Alikuwa anapeta mchele. Aliacha kupeta, akaniuliza jambo moja tu, kama nilimuuliza yule mama anakwenda wapi. Nikasema sikumuuliza. Akaendelea kupeta.

Hilo ndilo swali, wanangu, na nimeishi nalo. Saa nzima na nusu alisimama hatua ishirini kutoka dirishani kwangu. Nilikuwa na muda wa kufagia ofisi mbili, kuchemsha maji na kupanga barua. Sikupata muda wa kumuuliza anakwenda wapi. Nchi nzima ilikuwa inawalilia watoto wa watu, na mimi nilikuwa nalia nao kwa dhati, lakini nililia nikiangalia juu kwenye kitambaa. Chini yake alisimama mwenye mtoto.

Siku ya arobaini nilikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda na Mama Rukia na sahani ya halua, kwa kuwa sikujua mtu huenda na nini. Mama Elia alitukaribisha vizuri, akatuwekea chai. Nikasema yote niliyotaka kusema, vibaya vibaya, nikikatika katika. Aliniacha nikamaliza. Kisha akamuuliza mke wangu halua ameipika mwenyewe au amenunua, wakaongea habari za sukari. Sikusamehewa na sikukataliwa. Mpaka leo sijui, na sidhani kama nina haki ya kuuliza mara ya pili.

Niliendelea na kazi, maana ilikuwa ndiyo chakula cha watoto. Ila sikumsimamisha mtu tena. Aliyepita alipita. Mtendaji aliponiuliza mbona nimelegea nilimwambia ni uzee, naye hakunichimba.

Na Mama Elia akaanza kusimama. Alirudi sokoni baada ya kama miezi miwili, na njia yake ya kwenda na kurudi ni ile ile ya mbele ya ofisi. Jioni ya kwanza nilipomwona, nikiwa nimeshika kamba, filimbi ilinianguka mdomoni. Alikuwa amefika katikati ya uwanja, pale pale Shomari alipomshika. Akasimama na beseni lake kichwani, mikono chini, mpaka bendera ikafika mikononi mwangu. Asubuhi yake akasimama tena. Mvua ikinyesha, wengine wamejibanza barazani, yeye anasimama. Niliona kila siku ananisomea mashtaka yangu mbele ya watu, na nikasema ni haki yake. Lakini ilinila. Mwaka wa kwanza nilivumilia, na wa pili. Mwaka wa tatu, wiki chache kabla sijastaafu, jioni moja hapakuwa na mtu mwingine uwanjani. Nikabana bendera kwapani nikamfuata. Nikamwambia, Mama Elia, nakuomba, wewe usisimame tena. Ukinikuta naivuta wewe pita tu, hakuna atakayekuuliza.

Akatua beseni. Akajifunga kanga vizuri.

"Sisimami kwa ajili yako, baba," akaniambia. "Kule tuta lake silijui. Lakini hapa napajua. Asubuhi ile nilipofika hapa alikuwa bado hajazikwa."

Kisha akaniomba nimsaidie kujitwisha. Nikaliinua beseni nikamwekea kichwani, lilikuwa jepesi, vitumbua vilikuwa vimeisha vyote. Akaenda zake nyumbani.

Nimestaafu mwaka wa nne sasa. Huyu binti aliyekuja kwangu aliniambia kwamba yupo mama mmoja wa vitumbua, mzalendo sana, hakosi hata siku moja, na kwamba wanafikiria kumpa cheti siku ya sherehe ya kata, awe mfano kwa vijana. Nilimwomba wasifanye hivyo, na hakunielewa kwa nini, ndiyo maana nimeandika marefu namna hii. Msimpe cheti. Msimpigie makofi wala msimpige picha. Mkimwona amefika katikati ya uwanja, vuteni kamba taratibu. Mama yule yuko makaburini.